Jengo na Njia: Mhadhara juu ya Masoko na Majumba ya Maduka ya Dar es Salaam

Mmeniomba nizungumze juu ya ukuaji wa miji na mageuzi ya miundo ya majengo ya biashara, nami nimechagua mji mmoja, Dar es Salaam, kwa sababu huu ni mji ambao, katika muda wa uhai wa mtu mmoja, umetoka kuwa bandari ya watu wasiotimia laki tatu, kama walivyohesabiwa mwaka 1967, hata ukafika kuwa jiji la watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Mji unaokua kwa mwendo huo hauwezi kuficha tabia zake, na aghalabu tabia hizo huonekana wazi zaidi katika majengo yake ya kuuzia na kununulia, maana humo ndimo tajiri na maskini hulazimika kuonana kila siku.

Tunapolisifu au kulilaumu jengo la biashara, desturi yetu ni kutazama kimo chake, vioo vyake, na hesabu ya maduka yaliyomo ndani yake. Mimi nitawaomba mtazame mahali padogo zaidi, napo ni pale jengo linapokutana na njia: zile hatua chache ambapo mpita njia hajawa mnunuzi bado, wala mwenye duka hajawa mwenyeji wake. Mahali hapo pakiwa na kivuli, na nafasi ya kusimama, na ruhusa ya kukaa kitambo bila ya mtu kuulizwa amefuata nini, soko hukunjuka na kila mmoja akapata fungu lake, mkubwa kwa kadiri yake na mdogo kwa kadiri yake. Mahali hapo pakizibwa, biashara haifi; humwagika barabarani, ikazaa ugomvi baina ya mchuuzi na askari wa jiji, baina ya mwenye fremu na mwenye meza, baina ya gari na mtu wa miguu. Hiyo ndiyo hoja yangu, na mengine yote nitakayoyasema ni ushahidi wake.

Na tuanze na asili. Sultani Majid bin Said wa Unguja, alipoanza kuujenga mji huu mnamo 1862 karibu na kijiji cha Mzizima, alikuja na mafundi waliokuwa wamekulia katika desturi ya ujenzi ya pwani nzima, desturi ambayo kwayo nyumba huanzia barazani kabla ya kufika mlangoni. Katika miji ya mawe kama Unguja na Lamu, baraza ni kitako cha chokaa kilichoshikamana na ukuta. Katika nyumba za udongo na makuti ni kibaraza kilichoinuliwa kidogo chini ya upenu, nyuma yake ukaja ujia mrefu wenye vyumba kila upande, na mwisho wake uani. Barazani ndipo mgeni asiyefaa kuingizwa ndani alipopokelewa kwa taadhima, ndipo muuza kahawa alipotua dele lake, ndipo mwanamke alipopanga vitumbua vyake asubuhi na jirani asione vibaya. Mwenye nyumba akitaka kufanya biashara, alikitwaa chumba cha mbele, akakifungulia dirisha juu ya kibaraza, na duka likawa tayari, bila ya mji kuhitaji sheria mpya wala mchoro mpya.

Wafanyabiashara waliotoka Bara Hindi, Waismailia, Wabohora, Waithnaasheri, Wahindu na wengineo, walileta muundo wa pili, ambao bado unaonekana katika mitaa ya India na Jamhuri kwa mwenye kuinua macho: duka chini, aila ya mwenye duka juu, na roshani iliyotokeza juu ya njia ya miguu, ili mteja atembee kivulini kutoka duka hata duka jua likiwa kali, na asiloe masika yakishuka. Hapakuwa na mtu aliyewalazimisha wenye nyumba hao kuwafadhili wapita njia. Lakini kwa kuwa walikaa juu ya maduka yao na kuishi kwa hao hao wapita njia, walifahamu kwamba anayemstiri mteja kabla hajaingia amekwisha kumuuzia nusu ya alichokuja kukitafuta.

Hata hivyo, insafu yanitaka niseme pia kwamba ihsani hiyo ilikaa ndani ya nidhamu isiyokuwa na insafu. Wajerumani, walioyaleta makao makuu ya koloni lao hapa mwaka 1891, walitoa mwaka huo huo kanuni za ujenzi zilizotenga aina za nyumba kwa mahali pake. Na Waingereza waliowafuata wakaushonoa mji katika kanda tatu, ambazo wenyeji walizijua kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na baina ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo la wazi la Mnazi Mmoja, kwa kisingizio cha afya. Kanuni hizo hazikusema neno juu ya rangi ya mtu. Zilitaja aina ya ukuta na aina ya paa, na matokeo yakawa yale yale. Kwa hiyo, ijapokuwa kila mtaa ulikuwa na kivuli chake, vivuli hivyo havikuunganishwa, na mtu aliyetoka Kariakoo kwenda mjini alivuka jua kali la Mnazi Mmoja kabla ya kufika penye roshani za wengine.

Kariakoo yenyewe, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa ni mtaa uliopimwa kwa mistari iliyonyooka, wenye viwanja vidogo vidogo vya nyumba za Kiswahili, na soko katikati yake. Nchi ilipokwisha kupata uhuru na mji ukaanza kufura, soko la zamani halikutosha tena, na kazi ya kubuni soko jipya akapewa Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki, aliyekuwa amesomea fani yake Haifa. Jengo alilolibuni, lililojengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, linastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa usanifu majengo aliyemo humu, na ningeomba lisomwe kwa utulivu.

Amuli alianza na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelidhania kuwa ni elimu: kwamba katika nchi zetu soko huanza chini ya mti. Akasimamisha nguzo nene za zege, na juu ya kila nguzo akakunjua paa lililopanuka kuelekea juu, mithili ya mwavuli uliogeuzwa, ili maji ya mvua yateremke katikati yake badala ya kumwagikia watu pembeni. Na baina ya paa na paa hewa na nuru zikapata njia. Hakuhitaji mashine ya kupoza hewa, kwa sababu hewa moto ilipanda na kutoka yenyewe. Chini ya ardhi akaweka sakafu ya biashara ya jumla, ambayo watu waliizoea kwa jina la Shimoni, ambako magunia na matenga yaliweza kushushwa bila ya kuwakanyaga wanunuzi. Sakafu ya kati ikawa ya rejareja, na juu pakawa na maduka madogo. Mtu aliweza kuingia kutoka pande mbalimbali, akapita katikati na kutokea upande mwingine akiendelea na safari yake, na kupita huko hakukumlazimisha kununua. Bunge likapitisha sheria mwaka 1974 ya kuunda shirika la kuliendesha soko hilo, na kwa miaka mingi picha ya paa lile ikawa ndiyo sura ya mji katika macho ya wageni.

Usanifu, walakini, hauishi peke yake. Hufuata siasa na mfuko. Miaka ile ile Kariakoo ilipokuwa ikijengwa, biashara yenyewe ilikuwa ikibanwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya jumla na ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilitiwa mikononi mwa mashirika ya umma. Mwaka 1971 majumba mengi ya kupangisha yakataifishwa, nayo yaliyo mengi yalikuwa ya Uhindini. Na mwaka 1976 ikaja ile Operesheni Maduka, iliyokusudia kuyaondoa maduka ya watu binafsi vijijini na kuyaweka ya ujamaa mahali pake. Sikuja hapa kuyahukumu madhumuni ya siasa hizo, ambayo mengi yake yalikuwa ya haki. Nasema tu kwamba mwenye nyumba ambaye nyumba si yake tena haongezi roshani, na duka ambalo bidhaa zake hugawiwa kwa foleni halina haja ya kumvutia mteja; basi kwa muda wa miaka kumi na kadhaa sanaa ya kujenga maduka ililala usingizi mjini petu. Iliamshwa mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila ya kuulizwa zimetoka wapi, na mitumba, redio, na vitambaa vikaanza kumiminika.

Mafuriko hayo yalielekea Kariakoo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, iliyokuwa na kibaraza mbele na mwarobaini uani, ikawa na thamani kubwa zaidi kama kiwanja kitupu kuliko ilivyokuwa nayo kama nyumba. Warithi wakauza au wakaingia ubia, na mahali pa paa la bati pakainuka ghorofa nane, kumi, na zaidi. Kila ghorofa hizo ziliposimama, sakafu ya chini ilikatwakatwa kuwa fremu, kila fremu ikawa na kodi yake, na mara nyingi na kilemba chake cha kuingilia, na kwa kuwa kila futi ya mbele ilikuwa na bei, ukuta ulisogezwa hadi ukingoni kabisa mwa kiwanja. Kibaraza kikafa. Hakikuuawa kwa amri. Kilimezwa na hesabu, kwa maana hapakuwa na mwenye kiwanja hata mmoja aliyeweza kukiacha ilhali jirani yake amekijengea.

Wale waliokuwa wakikaa kibarazani hawakuondoka mjini. Walishuka hatua moja, wakatandaza turubai zao juu ya njia ya miguu. Na njia ya miguu ilipojaa, wakashuka hatua ya pili, wakaingia barabarani. Ndio hao tunaowaita wamachinga. Tangu hapo mji umekuwa ukiwashughulikia kwa zamu ya ukali na huruma: mwishoni mwa 2018 walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 ili wasisumbuliwe, na mwaka 2021 wakaagizwa kuondoka kando ya barabara na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Msanifu majengo akiulizwa, atasema kwamba hawa ni watu waliokuwa na mahali pao katika mchoro wa zamani, na mchoro mpya ukawafuta bila ya kuwaandikia pengine.

Jaribio la kuwaandikia pengine lilifanywa kwa jengo la Machinga Complex, pale Ilala karibu na Karume, lililojengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii na kukamilika kiasi cha mwaka 2010. Nia ilikuwa njema, na vizimba vilikuwa maelfu. Lakini vizimba hivyo viliwekwa ghorofa juu ya ghorofa, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya ghorofa za juu ilibaki tupu, huku wale waliokusudiwa wakiendelea kuuza chini kando ya njia. Wako waliosema kwamba machinga ni mkaidi, hapendi utaratibu. Mimi nasema anaijua kazi yake. Bidhaa yake ni soksi, kitana, chaja ya simu, kitu ambacho hakuna mtu anayetoka nyumbani kwenda kukitafuta. Hununuliwa kwa sababu kimeonekana, na mtu hawezi kukiona kilicho juu ya ngazi ambayo hakuwa na sababu ya kuipanda. Fundi cherehani aweza kukaa ghorofa ya tatu na wateja wake wakamfuata, na kadhalika fundi simu na mwenye ghala la jumla. Muuza soksi akipandishwa huko amefungiwa riziki.

Sasa niligeukie jumba la maduka la namna ya kisasa, lile lenye kiyoyozi na maegesho, ambalo vijana wetu wengi hudhani ndilo hatima ya kila soko. Jumba hili lina nasaba yake, na nasaba hiyo yatupasa kuijua. Victor Gruen, msanifu majengo mzaliwa wa Vienna aliyeukimbia utawala wa Hitler mwaka 1938 akahamia Marekani, alibuni jumba lililoitwa Southdale, lililofunguliwa mwaka 1956 huko Edina, katika jimbo la Minnesota: maduka yote yamefungwa ndani ya paa moja, hali ya hewa ikiwa sawa mwaka mzima, kuta za nje zikiwa pofu, na uwanja mkubwa wa kuegesha magari ukilizunguka. Alikuwa na udhuru mkubwa, kwa sababu Minnesota huwa na theluji na baridi ya kuua miezi mingi ya mwaka. Alikuwa pia na ndoto, kwamba kando ya maduka hayo zijengwe nyumba, shule na hospitali, ili jumba liwe kiini cha mji wenye uhai kama Vienna ya utoto wake. Wawekezaji walilichukua jumba na maegesho, wakaiacha ndoto. Na kabla ya kufa kwake mwaka 1980, Gruen alikana hadharani kuwa baba wa watoto hao.

Muundo huo ulioanzia penye theluji ulitufikia sisi tunaokaa digrii saba kusini ya ikweta. Nairobi ulianza mapema, Sarit Centre ilipofunguliwa Westlands mwaka 1983. Dar es Salaam ulisubiri hadi mwaka 2006, ilipofunguliwa Mlimani City katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kando ya barabara ya Sam Nujoma, kwa mtaji wa kampuni kutoka Botswana. Tulitazame jumba hilo kwa insafu. Ndani yake mna usafi, mna vyoo vinavyotumika, mna sakafu tambarare ambayo mwenye kiti cha magurudumu huipita bila ya kusaidiwa, mna bei zilizobandikwa ambazo hazibadiliki kwa sura ya mnunuzi, na mwanamke aliyefuatana na watoto wake hutembea bila ya kuvutwa mkono na wapiga debe. Hizi si neema ndogo, na anayelibeza jumba hilo bila ya kuzitaja hajawahi kubeba mtoto mgongoni na kapu mkononi katikati ya Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Lakini tulitazame pia kwa jicho la mtu aliyeshuka kutoka daladala. Kati ya kituo na mlango kuna uwanja wa maegesho, na uwanja huo ni jua tupu, umepimwa kwa upana wa gari na si kwa hatua za mwanadamu. Mwenye gari huegesha karibu na mlango. Asiye na gari hutembea mwendo mrefu zaidi, na yeye ndiye aliye wengi. Kule mbele, kando ya barabara, ambako jengo lingeweza kutazamana na mji, pana ua na geti. Hapana roshani, hapana upenu, hapana mahali ambapo muuza kahawa aweza kutua dele lake. Na tangu shambulio katika jumba la maduka la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, lililoua watu 67, upekuzi wa mlangoni umezidi katika majumba ya namna hii kote Afrika Mashariki. Sababu yake ni ya haki kabisa, lakini athari yake ni kwamba mtu hupita penye kifaa cha kukagua kabla hajajua kama ana haja ya kuingia.

Tena upo udhaifu wa kibiashara, ambao wenye mitaji huujua kuliko mimi. Jumba la namna hii hutegemea duka moja au mawili makubwa yanayovuta watu, na madogo yakaishi kwa mabaki ya msafara huo. Supamaketi ya Shoprite kutoka Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania mwaka 2014 kwa Nakumatt ya Kenya, nayo Nakumatt yenyewe ikafilisika haikupita miaka mingi. Kila duka kubwa lilipofunga milango, maduka madogo yalibaki yakitazama ukumbi usiokuwa na watu, kwa kuwa hayakuwa na mlango wa kwao unaoelekea njiani. Duka la mtaa wa Jamhuri, jirani yake akifilisika, linaendelea kuona watu wakipita, maana watu hao waliletwa na mji mzima.

Wala nisiseme kana kwamba Kariakoo imesalimika. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliteketeza soko la Amuli, na serikali ikatenga shilingi zipatazo bilioni 28 kulikarabati na kujenga jengo jipya kando yake. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja ya mtaa huo iliporomoka asubuhi ya Jumamosi, wakati watu wamo kazini, na zaidi ya ishirini wakafa. Soko lisilokuwa na nafasi ya wazi ukingoni mwake halina pia njia ya kukimbilia: gari la zimamoto halipiti penye meza, na aliyemo ndani hapati pa kutokea. Usalama na ukarimu wa jengo, tukiviangalia vizuri, vyahitaji ardhi ile ile, yaani ile nafasi ya wazi baina ya ukuta na barabara ambayo kila mmoja wetu anataka mwenzake aiache.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, na napenda nikae hapo kidogo. Mwenye kiwanja cha Kariakoo akiurudisha ukuta wake nyuma kwa hiari, amepoteza kodi ya fremu nzima, na jirani ambaye hakuurudisha atapata wateja wale wale bure. Kwa hiyo hatafanya, naye ana haki ya kutofanya. Lakini mtaa mzima ukiurudisha kwa pamoja, hapana aliyepunjwa mbele ya mwenziwe, na wote hupata mtaa ambao mteja aweza kuutembea kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya kusukumwa barabarani, tena mteja huyo atakaa muda mrefu zaidi na kununua zaidi. Jambo ambalo humfaidi kila mtu iwapo wote watalifanya, na humdhuru atakayelifanya peke yake, haliwezi kuachiwa hisani ya mtu binafsi. Ni kazi ya sheria. Biashara haigombi, walisema wahenga, lakini haigombi pale tu mipaka yake inapokuwa imekwisha kuwekwa na mtu mwingine.

Basi nitasema ninayoyapendekeza, kwa ufupi. La kwanza, kila jengo jipya la biashara katika mitaa ya kati liwe na upenu juu ya njia ya miguu, wenye kimo kimoja na sakafu moja na wa jirani yake, ili kivuli kisikatike. Na upana wake uhesabiwe kwa watu wawili wanaopishana na meza moja iliyosimama. La pili, meza hizo zihesabiwe tangu katika mchoro, zikodishwe kwa siku au kwa wiki kwa bei iliyobandikwa hadharani, ili mchuuzi awe mpangaji badala ya mkimbizi. La tatu, ghorofa za juu zipewe biashara ambazo wateja huzifuata, na za kuonwa kwa macho zibaki chini. La nne, majumba ya maduka yatakayojengwa kando ya njia za mwendokasi, ambazo mabasi yake yalianza kazi mwaka 2016, yaweke maegesho nyuma au chini, na milango yake ielekee kituoni. Maana mteja anayekuja kwa basi ni mteja kamili. La tano, njia za moto na vyoo vya umma vikaguliwe kabla ya fremu ya kwanza kupangishwa, na si baada ya maafa.

Najua litakalojibiwa, kwamba haya yatapunguza mapato ya mwenye jengo na kumfukuza mwekezaji. Sioni hivyo. Huko Nairobi kwenyewe, ambako majumba yaliyofungwa yalitangulia, Village Market ya mwaka 1995 ilijengwa kwa nyua na vijia vya wazi, na Garden City ya mwaka 2015 ikajengewa bustani, na hapana aliyewalazimisha wenyewe. Walikuwa wamekwisha ona kwamba hewa ya nchi yao ni mali isiyohitaji kununuliwa kwa umeme. Hapa kwetu pepo za kaskazi na kusi zimekuwa zikivuma tangu kabla ya Majid. Aliyejenga roshani mtaa wa India alizitumia, na Amuli alizitumia, na gharama zake hazikuandikwa katika ankara ya mtu yeyote.

Nasema haya wakati ambapo mji unajenga kwa kiasi ambacho hatujapata kukiona. Pale Ubungo, penye ardhi iliyokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, pameinuka kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000. Soko la Kisutu limekuwa la ghorofa. Na kila kona ya Mbagala, Tegeta na Kimara pana mchoro unaosubiri kibali. Michoro hiyo huletwa mbele ya wakubwa ikiwa na picha nzuri za rangi, ambazo ndani yake watu warefu wanatembea wawili wawili chini ya anga isiyo na mvua, na aghalabu hupigwa kutoka angani, mahali ambapo hapana mnunuzi atakayesimama kamwe.

Wanafunzi, mkiitwa kutoa rai juu ya michoro hiyo, iacheni picha ya angani na muiombe ramani ya sakafu ya chini. Mkiipata, iwekeni kalamu kituoni pa basi, mfuate njia ya mtu aliyebeba kapu hadi kwenye duka la kwanza, na muulize mambo matatu: atatembea juani kwa hatua ngapi, atakaa wapi iwapo amechoka na hana nia ya kununua, na yule aliyekuwa akiuza mahali hapo kabla ya jengo ameandikwa wapi katika karatasi hii. Mchoro usioweza kuyajibu matatu hayo urudishwe kwa mwenyewe kwa adabu, hata kama umetiwa saini na wakubwa, maana wino kufutwa ni rahisi kuliko zege kuvunjwa.